Damu Kwenye Mswaki: Mazungumzo Kuhusu Ufizi kwa Wakazi wa Tawa

Maandishi ya mazungumzo ya afya ya kinywa yaliyoandaliwa kwa wakazi wa Tawa na maeneo jirani ya Mbooni



Mfikirieni mama mmoja wa hapa hapa Tawa. Jina lake si muhimu, kwa kuwa karibu kila boma lina mtu wa namna yake. Anaamka kabla ya mapambazuko, anachukua kikombe cha maji na mswaki wake, anasimama nje ya jikoni na kupiga meno. Anapotema, povu lina wekundu. Jana pia lilikuwa hivyo, na juzi. Anajiambia kwamba mswaki huu ni mgumu, au amesugua kwa nguvu mno. Kesho yake anaupitisha mswaki upande wa kulia peke yake na kuuacha upande wa kushoto upumzike. Baada ya wiki chache haoni damu tena, kwa sababu haugusi mahali inapotoka. Anaamini amepona.

Hajapona. Amefanya kile kile ambacho ugonjwa wa ufizi unahitaji ili uendelee: ameuachia uchafu ukae.

Mfugaji anapokamua ng'ombe na kuona maziwa yana damu, hangoji wiki mbili. Atamwita mtu wa mifugo siku hiyo hiyo, maana anajua kiwele kina ugonjwa na asipofanya haraka chuchu itakufa. Mfugaji huyo huyo anaweza kutema damu kila asubuhi kwa miaka 10 na asimwambie mtu. Sababu moja ni kwamba haumwi. Sababu nyingine ni kwamba kila anayemwuliza naye anatema damu, basi wanakubaliana kwamba ndivyo meno yalivyo. Ni kweli kwamba jambo hili limeenea. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 uliwakuta karibu watu wazima wote waliopimwa wakiwa na ufizi unaotoka damu. Lakini kuenea kwa jambo hakulifanyi kuwa la afya. Malaria nayo imewahi kuwa katika kila nyumba.

Ufizi ni ile nyama inayoshika shingo ya jino. Chini yake kuna mfupa wa taya, na kati ya mfupa na mzizi wa jino kuna nyuzi ndogo ndogo zinazolishikilia jino lisicheze. Ufizi ndio mlinzi wa mlango: ukikaza vizuri kuzunguka jino, vijidudu havipiti kwenda chini.

Ili mtu aujue ufizi mgonjwa, inafaa kwanza aujue ulio mzima. Picha nyingi za vitabuni huonyesha ufizi wa rangi ya waridi, na Mwafrika akijitazama kwenye kioo anaweza kushtuka bure. Watu wengi weusi wana mabaka ya kahawia au meusi kwenye ufizi tangu utotoni. Hiyo ni rangi ya mwili kama rangi ya ngozi, haina ubaya na haisuguliki ikatoka. La kutazama ni mambo mengine. Ufizi mzima ni mgumu kidogo ukiubonyeza kwa kidole. Ukingo wake ni mwembamba, umelala juu ya jino bila kuvimba, na kati ya meno mawili unachongoka vizuri kujaza nafasi. Ukiukausha kwa kitambaa na kuutazama kwa mwanga, kwa watu wengi utaona vitundu vidogo vidogo mithili ya ganda la chungwa. Watu wa Makueni hawahitaji kuelezwa ganda la chungwa lilivyo. Na jambo la mwisho: ufizi mzima hautoki damu unapopigwa mswaki, wala mtu anapouma hindi la kuchoma.

Sasa ule ulioanza kuugua. Wataalamu huuita ugonjwa huu jinjivaitisi, maana yake ni uvimbe wa ufizi. Dalili ya mapema kabisa ni damu, nayo mara nyingi huja kabla jicho halijaona chochote. Baadaye rangi hubadilika: mahali penye waridi huwa pekundu, na kwa mwenye ufizi mweusi ukingo huonekana umeiva zaidi, kama zambarau. Ule ukingo mwembamba huwa mnene na wa mviringo. Vile vitundu vya ganda la chungwa hupotea, ufizi ukanyooka na kung'aa kama ngozi ya mguu uliovimba. Ukibonyezwa unabonyea. Nyama iliyochongoka kati ya meno hufura, na wakati mwingine hutokeza kama kipele. Pumzi hubadilika harufu, na mwenyewe huwa wa mwisho kujua, kwa kuwa pua huzoea harufu ya kinywa chake. Anayejua ni mke au mume, naye huona aibu kusema.

Maumivu hayamo katika orodha hiyo. Jinjivaitisi ya kawaida haiumi, au humpa mtu mwasho mdogo tu, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Jino lililotoboka litampeleka mtu hospitalini usiku wa manane. Ufizi uliovimba hautampeleka popote.

Chanzo ni nini? Baada ya mtu kusafisha meno, haipiti saa nyingi kabla utando laini haujaanza kujenga upya juu ya jino. Huo ndio ukoga. Ukipitisha ukucha kwenye shina la jino jioni, utatoka na kitu cheupe au cha manjano kinachonata. Watu hudhani ni mabaki ya ugali. Kwa kweli ni kundi kubwa la vijidudu vilivyo hai, vimejishikiza kwenye jino na kushikamana vyenyewe kwa vyenyewe, vikila sukari na wanga tunaovipitishia. Vikikaa ukingoni mwa ufizi, sumu yake huuchokoza, na mwili hujibu kwa kupeleka damu nyingi zaidi mahali hapo. Ndiyo maana ufizi huwa mwekundu, huvimba, na mishipa yake midogo hupasuka kwa kuguswa kidogo tu. Kwa hiyo mswaki haujamkata mtu. Umegusa mahali ambapo tayari pana kidonda.

Jambo hili si la kubuni, limepimwa. Mwaka 1965 daktari wa meno Mnorwe aitwaye Harald Löe na wenzake, wakifanya kazi Aarhus nchini Denmark, walichapisha jaribio ambalo bado hufundishwa katika vyuo vyote vya udaktari wa meno. Walichukua watu 12 wenye ufizi mzima, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno, wakawaambia waache kabisa kupiga mswaki. Wote 12 waliugua jinjivaitisi. Wa kwanza aliugua baada ya siku 10 hivi, wa mwisho baada ya siku 21. Kisha wakaruhusiwa kusafisha meno tena, na katika muda wa takribani wiki moja ufizi wao ukarudi kuwa kama zamani. Wanafunzi wa udaktari wa meno ni watu wanaojua kila kitu kuhusu kinywa, na ujuzi wao haukuwasaidia chochote mswaki ulipowekwa chini.

Jaribio hilo lina habari mbili. Ya kwanza inatisha kidogo: wiki tatu zinatosha. Ya pili ni ya kufurahisha: ufizi uliovimba tu unarudi kabisa, bila kovu. Magonjwa ya aina hiyo si mengi.

Ukipuuzwa, ukoga hushika madini yaliyo kwenye mate na kuwa mgumu kama saruji. Watu huuona nyuma ya meno ya mbele ya chini, ukuta wa manjano au kahawia unaounganisha meno. Ukifika hapo mswaki hauutoi, hata usugue kutwa nzima. Juu ya ukuta huo ukoga mpya hupata mahali pazuri pa kujishika, na vijidudu huanza kushuka chini ya ufizi. Kwa baadhi ya watu uvimbe hutoka kwenye nyama na kuingia kwenye mfupa. Nyuzi zinazoshika jino hukatika, mfupa huliwa taratibu, ufizi hurudi nyuma na mizizi kuonekana, meno huonekana marefu kuliko yalivyokuwa. Usaha unaweza kutoka ukibonyeza. Mwishowe jino hucheza, na siku moja linatoka kwenye muwa, zima, halina hata tundu. Hatua hiyo haiitwi tena jinjivaitisi. Mfupa uliokwisha kuliwa hauoti wenyewe tena. Kinachowezekana ni kuuzuia usiendelee kuliwa.

Kati ya hatua hizo mbili daktari hutofautisha kwa chombo chembamba chenye alama za milimita. Anakiingiza polepole kati ya jino na ufizi. Kina cha milimita 1 hadi 3 ni cha kawaida. Kikizama 4, 5 au zaidi, na picha ya eksirei ikaonyesha mfupa umeshuka, basi ugonjwa umevuka mpaka. Kipimo hiki hakiumi sana, na huchukua dakika chache. Mtu akitoka hospitalini akiwa ametazamwa meno tu, ufizi haukupimwa, ana haki ya kuuliza.

Sasa je, kila anayetema damu atapoteza meno? Hapana, na inafaa kusema hivyo wazi, kwa sababu wazee wengi watasimama na kusema: "Mimi nimetema damu tangu ujana na meno yangu yapo." Wanasema kweli. Katika miaka ya 1980, Makueni ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Machakos, watafiti Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na Firoze Manji walichunguza vinywa vya watu 1,131 wa wilaya hiyo, wenye umri wa miaka 15 hadi 65. Matokeo yalichapishwa mwaka 1988. Waliukuta ukoga karibu kila mahali, na ule mgumu ukiongezeka kwa umri. Hata hivyo mifuko mirefu chini ya ufizi na mifupa iliyoliwa sana haikuwa imegawanyika sawasawa: katika kila rika, watu wachache ndio waliobeba sehemu kubwa ya uharibifu. Wengi walikuwa wamefika miaka 65 wakiwa na sehemu kubwa ya meno yao, na waliokuwa wameng'olewa, mara nyingi sababu ilikuwa kuoza na si ufizi.

Matokeo hayo yalipingana na mafundisho ya zamani kwamba Mwafrika wa kijijini, kwa kuwa hana daktari wa meno, lazima apoteze meno kwa ugonjwa wa ufizi. Ni heshima fulani kwa Ukambani, mahali ambapo wazee wa kale walithamini meno kiasi cha kuyachonga ya mbele yakawa na ncha, kuwa mfano uliorekebisha vitabu.

Lakini yeyote asilale kwa habari hizo. Huko Sri Lanka, Löe na wenzake waliwafuatilia wafanyakazi 480 wa mashamba ya chai kuanzia mwaka 1970 hadi 1985. Hawakuwa na desturi ya kupiga mswaki. Wote walikuwa na ufizi uliovimba. Kati ya kila 100, watu 11 hawakuenda mbele ya hapo, 81 ugonjwa uliendelea kwa mwendo wa wastani, na 8 waliharibika haraka, wakapoteza meno mengi wakiwa bado vijana. Mtu akitazama ufizi wake kwenye kioo asubuhi, hakuna alama inayomwambia yuko katika kundi gani. Mzee mwenye meno yake yote si ushahidi kuhusu kinywa cha mwanawe.

Kuna watu wanaopaswa kuwa waangalifu zaidi. Wa kwanza ni mama mjamzito. Homoni za ujauzito huufanya ufizi ujibu kwa ukali hata kwa ukoga mdogo, na kuanzia mwezi wa 2 au wa 3 wengi huona damu ambayo hawakuwa nayo. Wengine huota kinyama chekundu kati ya meno, kinachotoka damu kwa urahisi. Mara nyingi hupungua chenyewe baada ya kujifungua, lakini kionyeshwe daktari. Ipo imani kwamba kila mtoto humgharimu mama yake jino moja, kwamba mtoto tumboni hunyonya chokaa kutoka kwenye meno. Si kweli. Jino halitoi chokaa yake kwa mtoto. Kinachotokea ni kwamba mama anatapika, anachefuliwa na dawa ya meno, anaacha mswaki, na ufizi wake wakati huo hauvumilii. Kusafishwa meno hospitalini wakati wa ujauzito ni salama. Mama akienda kliniki ya wajawazito aseme kuhusu ufizi wake kama anavyosema kuhusu miguu iliyovimba.

Wa pili ni mwenye kisukari. Sukari ikiwa juu, ufizi huugua haraka na hupona polepole. Na ufizi ukiwa na uvimbe mkubwa, sukari nayo hukataa kushuka. Mtu aliyemeza dawa vizuri na bado vipimo vyake vinapanda, afungue kinywa kitazamwe.

Wavutaji sigara wana tatizo la peke yao. Tumbaku hubana mishipa ya damu ya ufizi, hivyo hautoki damu sana hata ukiwa mgonjwa. Mvutaji anajiona mzima huku mfupa unaliwa. Ugoro unaowekwa mdomoni huuchoma ufizi pale unapokaa na kuufanya urudi nyuma. Kwa watu hawa, kutokuwepo kwa damu kusichukuliwe kuwa habari njema.

Zipo pia dawa zinazokuza ufizi hadi ufunike meno: fenitoini ya kifafa, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu kama nifedipini. Mgonjwa asiziache. Kifafa na shinikizo vinaua, ufizi uliokua hauui. Amwambie daktari, na asafishe meno kwa bidii zaidi, kwani ukuaji huwa mdogo kinywa kikiwa safi.

Na kuna hali ambazo hazingoji wiki mbili za kujaribu mswaki. Ufizi unaouma sana, uliolika kati ya meno kama umeng'atwa, wenye utando wa kijivu na harufu mbaya inayojaza chumba, hasa kwa mtu aliyedhoofika au mwenye virusi vya UKIMWI asiyetumia dawa: huyo aende siku hiyo hiyo. Mtoto mwenye utapiamlo, au aliyetoka kuugua surua, akiwa na kidonda kwenye ufizi na shavu limeanza kuvimba, asicheleweshwe hata usiku mmoja. Hiyo inaweza kuwa noma, ugonjwa unaokula uso wa mtoto kwa siku chache, ambao Shirika la Afya Duniani liliuweka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwezi Desemba 2023. Ukikamatwa mapema hutibika kwa dawa za kawaida. Vile vile damu inayotiririka yenyewe bila kuguswa, pamoja na madoa ya damu chini ya ngozi au uchovu usioeleweka, si jambo la mswaki. Inahitaji kupimwa damu.

Turudi kwa mama yule. Afanye nini?

Asiache kupiga mswaki upande unaotoka damu. Upande huo ndio unaohitaji zaidi. Achukue mswaki wenye nywele laini, auelekeze kwa mshazari pale jino linapokutana na ufizi, nusu ya nywele juu ya jino na nusu juu ya ufizi, atikise kwa mwendo mfupi bila kukandamiza. Mara mbili kwa siku, dakika mbili kila mara, na ile ya usiku kabla ya kulala isikose. Mahali panaposahauliwa ni upande wa ndani, wa ulimi, na meno ya mwisho kabisa. Atumie dawa ya meno yenye floraidi. Siku za kwanza damu itatoka, pengine kuliko awali. Aendelee. Kwa kawaida baada ya siku 7 hadi 14 itapungua au kukoma. Ikiendelea kupita hapo, maana yake kuna ukoga mgumu ambao mswaki hauwezi, na lazima uondolewe hospitalini.

Wengine husema maji ni ya shida, na kwa mtu anayetembea na punda hadi mtoni neno hilo si kisingizio. Lakini kupiga mswaki hakuhitaji zaidi ya nusu kikombe. Tena ni bora mtu ateme povu na asisukutue sana, ili floraidi ibaki kwenye meno.

Mswaki wa mti nao si wa kudharauliwa. Ukichaguliwa mti unaojulikana, ukatafunwa ncha hadi iwe nyuzi laini, na ukapitishwa kila upande, husafisha vizuri. Kasoro yake haimo kwenye mti. Imo kwenye matumizi: watu husugua meno ya mbele huku wakitembea na kuzungumza, na ya nyuma hayaguswi. Jivu, mchanga na makaa yaliyosagwa vinalika jino na kuukwaruza ufizi, viachwe.

Kati ya meno mswaki haufiki. Msimu wa maembe kila mtu anajua nyuzi zinavyokwama huko, na muthokoi huacha maganda yake. Kijiti cha meno kikitumiwa kwa uangalifu huondoa chakula, ila kikichokonolewa kwa nguvu huisukuma nyama ile iliyochongoka na kuacha pengo. Uzi wa meno ni bora zaidi kwa anayeupata.

Maji ya chumvi vuguvugu hupoza ufizi unaowasha. Hayang'oi ukoga. Amoksisilini ya kununua dukani bila kuandikiwa haitibu jinjivaitisi. Hupunguza vijidudu kwa siku chache, ukoga unabaki pale pale, na vijidudu vinavyosalia hujifunza kuishinda dawa. Fedha za vidonge hivyo zingetosha mswaki mpya na zaidi.

Hospitalini, kazi inayofanywa ni kukwangua ukoga mgumu kwa vyombo vya mkono au mashine inayotetema na kurusha maji. Huko vijijini kuna maneno kwamba kusafishwa meno huyalegeza. Imani hii inaeleweka inakotoka. Ukuta wa ukoga ulikuwa umeyafunga meno pamoja kama saruji, na mfupa tayari ulikuwa umeshuka. Ukuta ukiondolewa, mtu anahisi mapengo na meno yakicheza kidogo, akadhani daktari ndiye aliyeyaharibu. Ulegevu ulikuwepo. Ulikuwa umefichwa. Ufizi ukishapona, meno mengi hukaza tena kiasi.

Mara nyingine mtu huenda akilalamika kuhusu ufizi kumbe kinachomsumbua ni meno ya kahawia. Katika sehemu kadhaa za Ukambani na Bonde la Ufa, maji ya visima virefu yana floraidi nyingi, na mtoto akiyanywa meno yakiwa bado yanajengeka ndani ya taya, hutoka na madoa. Hayo si ukoga, hayatoki kwa kukwangua wala kwa mchanga, na hayana uhusiano na damu ya ufizi. Mtu anaweza kuwa na meno meupe kama maziwa na ufizi mgonjwa, au meno yenye madoa na ufizi mzima kabisa.

Kwa wakazi wa hapa, pa kuanzia ni kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Tawa. Mwenye tatizo kubwa zaidi anaweza kuandikiwa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Makueni iliyoko Wote. Anayeenda aseme mambo manne bila kuulizwa: damu ilianza lini, dawa zote anazotumia, kama ana kisukari au ni mjamzito, na kama anavuta sigara au kutumia ugoro. Asipige mswaki kwa nguvu asubuhi hiyo ili kuonekana msafi mbele ya daktari. Ukoga uliopo ndio unaoonyesha mahali anapokosea.

Kuhusu watoto, wazazi wengi huuliza umri wa kuanza. Ni pale jino la kwanza linapotoka, kwa mswaki mdogo na dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele. Na hadi mtoto afike miaka 7 au 8, vidole vyake haviwezi kazi hii peke yake hata akikataa kusaidiwa. Mzazi asimame nyuma yake, amwinue kidevu, na amalizie meno ya nyuma yeye mwenyewe. Anapofanya hivyo jioni, achukue tochi ya simu na kuutazama ukingo wa ufizi wa mtoto, kisha aende kwenye kioo na kuutazama wake.